Vishimo Visivyo na Jani

Maswali alikuwa na umri wa miaka minne shangazi yake alipombandika jina hilo, kwa sababu mtoto alikuwa hanyamazi. Kwa nini moshi unapanda juu? Kwa nini kuku hakojoi? Kwa nini aliyekufa hajibu akiitwa? Wazazi wake walipofariki katika ajali moja, shangazi, dada mkubwa wa baba yake, alimchukua akamlea na kumsomesha kwa cherehani, akishona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu. Hakuolewa wala hakuzaa. Akiulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Mmoja, lakini kelele zake ni za kumi."

Sasa mtoto huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mtafiti katika taasisi ya tiba, ghorofa ya pili, chumba kisicho na dirisha. Kazi yake ilikuwa kulea seli za saratani ya damu. Seli zenyewe zilitoka kwa mgonjwa aliyefariki zamani, kabla Maswali hajazaliwa, lakini zenyewe zilikataa kufa. Ziliendelea kuzaliana ndani ya chupa bapa za plastiki, zikielea kwenye maji ya lishe yenye rangi ya waridi, katika kabati lenye joto la mwili wa binadamu. Kila baada ya siku mbili zilitaka chakula kipya. Fundi wa maabara, mzee mmoja aliyeitwa Miwani kwa sababu ya vioo vyake vinene, hakuchoka kumtania. "Wenzako wanafuga mbuzi. Wewe unafuga ugonjwa, na unanenepa kuliko mbuzi."

Shangazi naye alikuwa na saratani ya damu, mwaka wa sita huo. Yake ilikuwa aina ile inayokwenda polepole. Kila asubuhi alimeza kidonge kimoja, na kidonge hicho kiliushika ugonjwa ukatulia. Kilimletea pia kichefuchefu na uvimbe wa macho, na shangazi alikichukia kama mtu anavyomchukia mpangaji aliyekataa kuhama. Seli za kwenye chupa zilikuwa za aina nyingine kabisa, ile kali. Maswali hakuwahi kumweleza tofauti hiyo. Alipenda kumsikia shangazi akiwaambia wateja wake, huku amebana pini mdomoni, "Mwanangu anatafuta dawa yangu."

Dawa aliyokuwa akiitafuta ilisemekana imo katika majani ya mchungu-ua, kichaka chenye maua madogo ya njano ambacho watu hupanda kuzunguka nyumba ili mifugo isiingie. Maswali aliyakausha majani kivulini, akayasaga, akayaloweka kwenye spiriti, akachuja, akaacha spiriti ipotee hewani mpaka ikabaki gundi ya kijani iliyokoza. Gundi hiyo haikukubali maji. Ili iingie kwenye seli ilibidi iyeyushwe kwanza kwa kiyeyushi, kimiminika kizito chenye harufu ya mbali ya kitunguu saumu. Na kiyeyushi chenyewe, kikizidi, ni sumu. Ndiyo maana katika ile sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo tisini na sita, kila mtafiti huacha safu moja isiyo na jani: humo hutiwa kiyeyushi kitupu, kwa kipimo kile kile. Safu hiyo ndiyo shahidi. Seli zikifa humo pia, basi jani halina habari.

Mara ya kwanza alipotia rangi ya bluu na kuinamia darubini, moyo ulimruka. Seli hai huikataa rangi hiyo na kubaki ikimeremeta; iliyokufa huinywa ikawa bluu. Na mbele yake uwanja mzima ulikuwa bluu. Kati ya seli mia moja, tisini na moja zilikuwa zimekufa. Kwenye safu ya shahidi, karibu zote zilimeremeta. Akarudia mara mbili zaidi, majibu yakawa yale yale. Profesa, mkuu wa maabara, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe, alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Wakaandika makala, ikapelekwa kwenye jarida, ikakubaliwa.

Kosa alilikuta mwenyewe. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, akijiandaa kwa hatua iliyofuata. Alikuwa akipiga upya hesabu za daftari ili achanganye dawa mpya, akaona sifuri moja haipo mahali pake. Akahesabu tena. Akahesabu kwa mashine. Hapakuwa na ubishi: kwenye vishimo vya jani, kiyeyushi kilikuwa kimeingia mara kumi zaidi ya kwenye safu ya shahidi. Mara zote tatu, kwa sababu mara zote tatu alifuata ukurasa ule ule.

Hakutaka kuamini kwa karatasi tu. Akapanga sahani mpya, vishimo vyote bila jani, kiyeyushi kitupu kwa kipimo kile kikubwa. Alhamisi akatia rangi, akainama. Bluu tupu, mwanzo hadi mwisho.

Alikaa ameinamia darubini mpaka shingo ikamuuma. Kisha akainuka, akaichukua sahani, akaitupa kwenye mfuko mwekundu wa taka za maabara.

"Hiyo hujaiandika," alisema Miwani, ambaye alikuwa akisuuza chupa kwenye beseni.

"Imeingia ukungu."

"Ukungu? Kwenye kabati nililolisafisha jana?"

"Ukungu, mzee wangu. Mambo hutokea."

Miwani alimtazama kwa vioo vyake vinene, akageukia beseni lake. Maswali alijiambia kwamba atamweleza Profesa Jumatatu. Jumatatu Profesa alikuwa na wageni. Akajiambia atarudia kwanza kwa kipimo sahihi, ili akienda asiende mikono mitupu. Akarudia, na jani likaua seli tisa katika mia. Tisa! Akafunga daftari. Wiki ile makala ilichapishwa, na jina lake lilikuwa la kwanza.

Siku chache baadaye redio ilikuja. Profesa mwenyewe aliwaelekeza kwa Maswali, akisema vijana nao wapewe nafasi. Mtangazaji alikuwa mchangamfu, mwenye sauti ya kumtoa mtu aibu, na Maswali alikuwa amejipanga kusema machache na ya tahadhari. Lakini alijua kwamba shangazi, kwenye kibaraza chake cha kushonea, amefungua redio kwa sauti ya juu na amewakusanya majirani. Mtangazaji akauliza, "Sasa mgonjwa aliyeko nyumbani, anayetusikiliza muda huu, aelewe nini?"

Na Maswali akasikia mdomo wake ukijibu, "Aelewe kwamba tumaini lipo, na huenda limeota kwenye ua wa nyumba yake."

Ilikuwa sentensi tamu. Mtangazaji aliirudia mara mbili.

Miezi mitatu ikapita. Hakuna aliyeuliza chochote, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza, Maswali alianza kuishi na jambo lile kama mtu anavyoishi na jino bovu, akitafunia upande wa pili. Mpaka siku simu ilipolia akiwa amevaa glavu, na sauti upande wa pili ikajitambulisha kuwa muuguzi wa kliniki ya damu.

"Wewe ndiye ndugu wa karibu uliyeandikwa hapa. Shangazi yako hajachukua vidonge, huu mwezi wa tatu. Tulidhani amesafiri."

"Hajasafiri," alisema Maswali.

"Basi mlete Alhamisi, tafadhali. Asikose."

Alivua glavu, akavua koti jeupe, akatoka bila kuaga. Alikuwa amemtembelea shangazi mara mbili tu katika miezi hiyo, tena kwa haraka, mguu mmoja ndani mwingine nje, kwa sababu kila alipofika majirani walikuja kumpa mkono wa pongezi.

Alimkuta shangazi hayuko kwenye cherehani. Alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, na mbele yake shuka la kitanda limetandazwa kivulini likiwa limejaa majani. Yalikuwa yamepangwa vizuri, jani moja moja, yasilaliane. Kwenye jiko sufuria ilikuwa ikitokota, na harufu chungu ilikuwa imejaa ua mzima.

"Ah! Umenifumania," alisema shangazi, akacheka. "Nilitaka nikushtue mimi. Nilitaka nikifika mwezi wa nne niende kwa yule daktari nimwambie, pima, kisha nikuletee karatasi mpaka kazini kwako. Mbele ya profesa wako. Haya, mshangao umekwisha."

Alipojaribu kuinuka alijishika ubavu wa kushoto. Alikuwa amekonda mikono na shingo, lakini tumbo limejitokeza upande mmoja kama amebeba kitu chini ya gauni. Maswali alijua ni wengu uliovimba kwa ugonjwa. Alijua pia kwamba wengu haufikii hapo kwa wiki moja wala mbili.

"Shangazi, vidonge umeviacha lini?"

"Siku ile ile ya redio. Nilivifunga kwenye mfuko nikaviweka kabatini. Kwani unadhani nilikulea nikiwa sikuamini?"

Hapo ndipo Maswali angesema. Maneno yalikuwa yamemfika kwenye ulimi. Badala yake akasema, "Dawa ya majani bado, shangazi. Profesa ameagiza isitumike kwanza. Anataka tusubiri kidogo. Alhamisi twende kliniki ukapimwe, na vidonge urudie leo."

"Profesa," alisema shangazi, akasonya. "Ana wivu huyo. Ameona mtoto wa kike amempita."

Maswali alimsaidia kukusanya majani kwenye shuka, na shangazi akawa anamkanya asiyavunje.

Alhamisi walikuwa kliniki tangu asubuhi. Wagonjwa wa pale walijuana; walikuwa wakikutana kwenye benchi lile refu la ukumbini mwezi hadi mwezi, wakipeana habari za vipimo kama watu wengine wanavyopeana habari za mpira. Shangazi aliwasalimu mmoja mmoja, kwa sauti iliyokuwa nyembamba kuliko kawaida yake. Damu ikatolewa. Baada ya saa mbili wakaitwa ndani.

Daktari wa damu alikuwa mwanamke kijana, pengine mdogo kuliko Maswali, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliisoma karatasi, akaisoma tena.

"Mama, chembe nyeupe ni laki mbili na elfu kumi. Mara ya mwisho zilikuwa elfu saba. Saba! Ulikuwa mgonjwa wangu wa mfano." Akaweka karatasi mezani. "Nani alikwambia uache dawa?"

Shangazi hakumtazama Maswali hata kwa jicho la pembeni. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Hakuna. Nilichoka navyo tu, binti yangu. Mambo ya uzee."

"Umechoka? Watu wanakufa wakivitafuta vidonge hivi! Wewe unapewa, unaviweka kabatini? Mtu mzima kabisa, unafanya mambo ya kitoto?"

Alimkaripia kwa muda mrefu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na hofu, na hofu ilimtoka kama hasira. Shangazi, ambaye hakuwahi kukubali hata mteja ampandishie sauti, aliinamisha kichwa akawa anaitikia, "Ndiyo, daktari. Nimekosa, daktari. Nisamehe." Maswali alikuwa ameketi karibu naye, goti kwa goti. Kitambaa cha gauni la shangazi kiligusa mkono wake. Akaacha shangazi aombe msamaha mpaka mwisho.

Daktari akaandika barua ya kulazwa. Akamwomba Maswali asubiri nje wakati akimpima shangazi tumbo.

Alitoka, akarudi ukumbini. Mwanamume mmoja, dereva wa lori kwa jinsi alivyovaa kofia ya kampuni ya usafirishaji, aliinuka kwenye benchi uso umemchangamka.

"Ndiwe! Ndiwe mtoto wa mama mshonaji. Nilijua tu, sauti yako nimeijua ulipokuwa unazungumza na muuguzi." Akamshika mkono, akautikisa. Kwenye mkono wa pili alikuwa na mfuko wa plastiki, na Maswali hakuhitaji kuambiwa ndani mna nini. "Mama yako ametuelimisha sote. Kila siku ya kliniki tunapitia kwake nyumbani, anatupa fungu. Mimi nakunywa asubuhi na jioni. Chungu, lakini tufanyeje? Hebu niambie, kikombe kimoja kinatosha, au niongeze?"

Wengine wakageuka. Bibi mmoja akasogeza sikio. Kijana mmoja mwenye barakoa akatoa simu, kama anayetaka kuandika.

Maswali aliutazama mfuko. Baadaye, alipojaribu kukumbuka, hakuweza kusema alipata wapi ujasiri. Alijua tu kwamba kama angejibu swali lile kwa hila nyingine, asingeweza tena kurudi kuwa mtu.

"Acha kunywa," alisema.

"Niache?"

"Wote muache." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na muuguzi akainua kichwa mezani pake. "Nisikilizeni. Mimi ndiye niliyesema kwenye redio. Nilisema jani linaua seli za saratani. Si kweli. Kilichoua ni kitu kingine, kimiminika nilichoyeyushia lile jani, nilikizidisha kwa kukosea hesabu. Jani lenyewe halikufanya cha maana. Tena hata ingekuwa kweli, zilikuwa seli za kwenye chupa, si mtu. Na si ugonjwa wa aina yenu. Rudini kwenye vidonge vyenu. Leo hii."

Kijana mwenye barakoa akashusha simu.

Dereva hakuuachia mfuko. "Ulikosea hesabu," alisema taratibu. "Sawa. Binadamu hukosea. Umegundua lini?"

Hilo ndilo swali. Maswali alitazama sakafu, kisha akalazimisha macho yake yapande.

"Kabla ya redio."

"Kabla?"

"Kabla. Nilijua nilipokuwa nasema."

Alitegemea matusi. Dereva hakumtukana. Aliketi polepole, akaweka mfuko chini ya benchi, kati ya miguu yake, akavua kofia akawa anaigeuza geuza. "Nilikuwa nawapa na wenzangu wa barabarani," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. Yule bibi alianza kulia bila sauti. Kijana mwenye barakoa akasema, kwa ukali, "Na yule mama wa pacha je? Aliondoka na mfuko mzima, mwezi wa kwanza ule. Kuna aliyemwona tangu hapo?"

Hakuna aliyemwona. Muuguzi alifungua jalada akapiga namba iliyoandikwa. Simu ilikuwa haipatikani. Akapiga tena. Kisha akamtazama Maswali, na Maswali akaona kwamba katika macho yale tayari alikuwa amehamishwa kutoka kundi moja la watu kwenda kundi jingine.

Alipogeuka, mlango wa daktari ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa amesimama hapo, akiwa hajamaliza kufunga vifungo vya gauni. Nyuma yake daktari. Walikuwa wamesikia.

Kuelekea wodini shangazi alikataa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, akatembea mwenyewe, mkono ubavuni. Alipokwisha kulala, na muuguzi wa wodi ameondoka, Maswali alisogeza kiti.

"Shangazi."

"Uliniambia," alisema shangazi, akitazama dari.

"Sikukuambia wewe. Nilikuwa nasema na redio."

"Na mimi nilikuwa nasikiliza."

Maswali alianza kulia. Shangazi alimwacha alie. Zamani asingemwacha, zamani angemvuta akamfuta uso kwa pindo la kanga. Sasa mikono yake ilibaki juu ya shuka.

"Ungeniambia umekosea hesabu, ningekucheka," alisema hatimaye. "Mimi nimekata vitambaa vya watu vibaya mara ngapi? Unakwenda kwa mwenye nguo, unasema, mama, nimeharibu. Anafoka, yanakwisha. Sasa wewe umeniacha nichemshe majani miezi mitatu. Na juzi umekuja ukayaona kwa macho yako, ukanisaidia kuyakusanya."

"Niliona aibu."

"Ndiyo. Na mimi leo mtoto wa juzi amenifokea kama nimeiba, nikasema nimekosa, nikuokoe wewe. Wewe umeketi pale." Akafumba macho. "Nenda kwa profesa wako. Usirudi hapa mpaka umemwambia."

Profesa alimsikiliza bila kumkatiza. Maswali alikuwa ameleta daftari, ukurasa wa kosa, na ukurasa mwingine mpya alioandikia, kwa kukumbuka, yote aliyofanya na sahani aliyoitupa. Miwani alikuwepo, kwa ombi la Maswali.

"Siku uliyogundua," Profesa alisema, "ungebisha mlango huu, tungekuwa na kosa. Makosa nayajua, mimi mwenyewe ninayo kabati zima. Sasa hatuna kosa tena. Tuna uongo, na jina langu liko chini yake."

Hakupandisha sauti. Walikaa jioni hiyo hiyo wakaandika barua ya kuifuta makala, wakaeleza sababu bila kupaka rangi. Maswali aliondolewa kwenye mradi. Hakufukuzwa, aliambiwa kwamba kwa mwaka mmoja kila hesabu yake itakaguliwa na kutiwa saini na Miwani kabla seli hazijaguswa. Fundi wa kusuuza chupa, kumkagua mtafiti. Maswali alikubali, na aliposhika mlango Miwani akamwambia kwa sauti ya chini, "Ule ukungu niliukumbuka. Nami nilinyamaza. Usidhani umenyamaza peke yako."

Kuhusu redio, ilimchukua wiki tatu kuwapata. Kipindi cha kusahihisha hakikuwa na utamu wa kile cha kwanza. Walimpa dakika moja na nusu, baada ya taarifa za hali ya hewa. Alitaja kosa, akasema alilijua, akawaomba wagonjwa warudi hospitali. Mtangazaji yule mchangamfu hakuwepo. Alimkuta kijana wa mitambo tu, aliyemwonyesha kwa kidole lini aanze na lini aishie.

Dereva wa lori alirudi kwenye vidonge siku ile ile, na vipimo vyake havikuwa vimeharibika sana. Alimwambia muuguzi kwamba amewapigia wenzake wote aliowagawia. Mama wa pacha hakupatikana. Maswali alikwenda kliniki kila Alhamisi kwa miezi mitano, akasimama karibu na meza ya muuguzi, akauliza. Muuguzi aliacha kumtazama kwa ukali, baadaye akaanza kumjibu kabla hajauliza, kwa kutikisa kichwa. Mara moja walipata habari kwamba alihama na wanawe kwenda kwa ndugu. Mara nyingine wakasikia kwamba huyo aliyehama ni mtu mwingine.

Shangazi alilazwa siku kumi na tisa. Kidonge chake cha zamani hakikuushika tena ugonjwa kama mwanzo, ikabidi abadilishiwe, apewe kingine chenye nguvu zaidi, na hicho kilimsumbua kifua. Lakini hesabu ilishuka: laki moja, elfu arobaini, elfu kumi na nne. Wengu ukarudi nyuma, ingawa haukurudi wote. Alirejea kwenye cherehani, akashona nusu siku, akapumzika nusu. Maswali alikuwa akija kila Jumamosi kufua na kupika. Walizungumza habari za bei ya vifungo, mvua, na mteja aliyenenepa akasema nguo ndiyo imesinyaa. Jambo lile hawakuligusa.

Siku moja tu shangazi aliligusa, akiwa anapitisha uzi kwenye sindano.

"Na lile jani lenyewe. Lina kitu au halina kitu?"

"Kwa kipimo sahihi linaua seli tisa katika mia," alisema Maswali. "Niliona mara moja tu, sijarudia. Huenda ni kitu. Huenda si kitu. Sijui."

"Hujui."

"Sijui, shangazi."

Shangazi alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Hilo ndilo jibu la kwanza la maana ulilonipa mwaka huu."

Profesa alimruhusu arudie jaribio lile mwishoni mwa mwaka, Miwani akiwa pembeni na kalamu. Safari hii safu ya vishimo visivyo na jani ilipata kiyeyushi sawa na nyingine, tone kwa tone, na mzee alitia saini kila mstari baada ya kuuhesabu kwa vidole na kwa mashine. Walirudia mara sita. Seli nane katika mia. Kumi. Saba. Tisa. Sita. Tisa. Kwenye safu ya shahidi, nne au tano. Tofauti ndogo, ya kweli pengine, lakini ndogo kiasi kwamba hakuna redio ambayo ingeitaka.

Aliwasilisha majibu hayo mbele ya maabara nzima, Jumatatu asubuhi, watu kumi na watano kwenye chumba cha mikutano. Alianza na kosa. Aliweka ukurasa wa zamani ukutani, mkubwa, sifuri iliyokosekana ikionekana na kila mtu, akaeleza siku aliyoiona na siku alizonyamaza, akizitaja kwa tarehe. Wanafunzi wawili wapya walitazama meza zao kwa aibu aliyowatia. Hakuna aliyepiga makofi. Profesa aliuliza maswali mawili juu ya vipimo, akasema asante, akamwita mwingine.

Jioni shangazi alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu atoke hospitali.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Yote? Na ya redio?"

"Yote."

Maswali alisikia cherehani ikisimama.

"Haya," alisema shangazi. "Jumamosi uje mapema. Nina sare arobaini za kutia vifungo, na macho yangu hayaoni tundu la sindano."